KIPANDE KIMERUDI, SASA KIMO MFUKONI



Katika mkutano wetu uliopita hapa Manyatta, mzee wetu mmoja aliyekuwa karani wa reli zamani alisimama akauliza: "Sisi twadai mishahara, na maji, na nyumba. Haya mambo ya intaneti na siri za simu yatuhusu nini? Hayo si mambo ya vijana wa Nairobi?" Watu wengi walipiga makofi, na mwenyekiti akaendelea na jambo lingine. Mimi sikupiga makofi. Leo nataka kumjibu mzee wetu, kwa heshima yote anayostahili, kwani swali lake ni la haki, na jibu lake yeye mwenyewe alijua kuliko mimi, ila limevaa nguo mpya asilitambue.

Mzee, baba zetu na babu zetu walivaa kipande. Sheria yake iliandikwa mwaka 1915, ikaanza kushikwa kwa nguvu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alilazimishwa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la tajiri wake, siku aliyoandikwa kazi, mshahara wake, na siku aliyoachishwa. Karatasi ilitiwa ndani ya kikebe cha chuma, kikebe kikaning'inizwa shingoni. Askari aliweza kukusimamisha njiani akasoma mambo yako yote. Tajiri mpya aliweza kutazama ulilipwa ngapi kwa tajiri wa kwanza, asikuongeze hata senti. Na yule wa kwanza asipotia sahihi ya kukuachilia, basi wewe ulikuwa mtoro, na mahali pako palikuwa jela. Kila mtu aliweza kukisoma kipande chako na kuandika ndani yake, ila wewe uliyekivaa.

Wazee wale hawakusema hayo ni mambo ya Nairobi. Mwezi wa Desemba 1921 walikutana Lundha, katika Gem, wakaanzisha Young Kavirondo Association, na watu wakayaita mambo yale Piny Owacho, yaani nchi imesema. Kodi ilikuwamo katika madai yao, ardhi ilikuwamo, na kipande kilikuwamo vile vile. Walijua kwamba mshahara wa mtu na habari za mtu ni jambo moja, kwani ajuaye kila kitu chako atakununua kwa bei aipendayo yeye. Kipande kile hakikuondolewa mpaka mwaka 1947.

Basi sasa tutazame simu.

MKOPO WA ALFAJIRI

Mama muuza samaki huamka saa kumi za usiku aende Dunga kungoja mashua. Mkononi hana kitu, maana jana mtoto aliumwa. Benki haimjui. Lakini simu yamjua. Abonyeza mara tatu apata shilingi elfu tatu, anunua samaki, awauza Kibuye, na jioni arudisha pesa pamoja na faida ya mwenyewe. Wako watu waliosoma ambao humlaumu mama huyo kwa kukopa. Sisi hatumlaumu. Mtu mwenye njaa hapewi hotuba juu ya riba.

Tusemalo ni juu ya kile kitu kingine alichotoa mama huyo bila kujua. Kabla ya kupewa pesa, programu ile ya mkopo ilimwuliza kwa Kiingereza kirefu kama anakubali masharti. Alikubali, maana samaki hawangoji. Na kwa kukubali huko, programu za namna hiyo zilikuwa zikichukua orodha yote ya majina yaliyo ndani ya simu: mama mkwe, mchungaji, mwalimu wa mtoto, mwenye nyumba, hata fundi viatu. Watu hao hawakukopa chochote. Hawakuulizwa chochote. Wamekuwa rehani ya deni wasilolijua.

Mwenzetu mmoja wa boda boda pale Kondele alipatwa na mambo hayo. Pikipiki yake iliharibika, akachelewa siku nne kulipa shilingi elfu mbili na mia tano. Siku ya tano simu ililia kwa mama mkwe wake. Sauti ya kijana asiyejulikana ikamwambia mzazi yule kwamba mkwewe ni mwizi, na kwamba yeye mama ametajwa kuwa mdhamini wake, ajitayarishe kulipa. Ninyi mwajua heshima iliyopo kati ya mtu na mama mkwe huku kwetu. Mwanamume mzima huzunguka nyumba ili asikutane naye mlangoni. Mwenzetu amekwisha lipa deni lote na faida yake, lakini kikao cha mahari kilichokuwa kimepangwa hakikufanyika mpaka leo. Hasara hiyo nani ataihesabu? Simtaji mkopeshaji huyo, kwani shauri lenyewe bado twaliandika.

Sasa, je, jambo hilo ni halali? La, si halali hata kidogo, na hapa ndipo wanachama wengi hawajui haki yao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 31, yasema kwamba kila mtu ana haki ya faragha, na kwamba habari za jamaa yake na mambo yake ya ndani zisidaiwe wala kufichuliwa bila sababu. Mwezi wa Novemba 2019 ikatiwa sahihi Sheria ya Kulinda Data. Sheria hii yasema habari zako ni zako. Mtu akitaka kuzichukua akuambie mbele azitakia kazi gani, nawe ukubali kwa hiari yako, ukijua. Na ikitokea ubishi kama ulikubali au hukukubali, si wewe wa kuleta ushahidi. Ni yule aliyezichukua. Neno hilo likumbukeni vizuri. Mkopeshaji akikuambia "ulikubali", mwambie: haya, onyesha. Tena mwaka 2022 zikatoka kanuni za Benki Kuu juu ya wakopeshaji wa simu, zenye kuwakataza kutumia orodha ya majina ya simu ya mtu ili kumwaibisha, na kuwakataza matusi na vitisho.

Sheria hizo hazikukaa kabatini tu. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampani ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5, na kampani ya Mulla Pride, yenye programu za mkopo za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000, kwa sababu ya mambo kama haya haya ya kuchukua majina na kupiga simu za vitisho. Mwaka ule ule shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi wao.

Na lile jambo la macho mwalikumbuka. Mwezi wa Julai 2023 vijana walipanga mistari mirefu Nairobi ili mashini ya Worldcoin yenye umbo la mpira iwapige picha mboni za macho, wakapewa sarafu za kompyuta zenye thamani kama shilingi elfu saba. Serikali iliisimamisha kazi hiyo mwezi wa Agosti. Tarehe 5 Mei 2025 Jaji Roselyne Aburili wa Mahakama Kuu aliamuru habari zile za macho zifutwe katika muda wa siku 7. Zamani walichukua vidole kwa kiboko, sasa huchukua macho kwa shilingi elfu saba. Hatuwacheki vijana wale. Mtu asiye na kazi akionyeshwa elfu saba, hiari yake iko wapi?

Lakini tusiisifu sheria hii kupita kiasi, kwani ina tundu kubwa, na tundu lenyewe liko upande wa tajiri. Yasema faini isizidi shilingi milioni 5, au sehemu moja katika mia ya mapato ya kampani kwa mwaka, na ya kutumiwa ni ile iliyo NDOGO zaidi. Someni tena. Kampani yenye mapato ya shilingi bilioni kumi ingetozwa milioni mia kwa hesabu ya sehemu moja katika mia. Basi sheria yaikimbilia na kuikinga, yasema hapana, milioni 5 zatosha. Huko Ulaya sheria yao, iliyoanza kazi mwaka 2018, yasema euro milioni 20 au sehemu nne katika mia, iliyo KUBWA zaidi. Ndiyo maana mwezi wa Mei 2023 kampani ya Meta, mwenye Facebook, ilitozwa huko Ireland euro bilioni 1.2. Wala msiambiwe kwamba hayo yawezekana kwa Wazungu peke yao. Nigeria iliitoza Meta dola milioni 220 mwezi wa Julai 2024, na baraza la rufani la huko likaithibitisha faini hiyo mwezi wa Aprili 2025. Wabunge wetu waliosoma sheria za Ulaya wakanakili karibu kila kitu, walipofika kwenye neno "kubwa" mkono wao ukateleza ukaandika "ndogo". Mikono ya wabunge haitelezi hivyo inapoandika posho zao.

TAJIRI NYUMA YA PAZIA

Mkopeshaji hujificha nyuma ya neno "ulikubali". Tajiri mkubwa zaidi hujificha nyuma ya mtu. Hapa mzee wetu wa reli asikilize sana, maana jambo hili ni la kazi na mshahara tupu.

Kila mtu atumiaye Facebook huona picha za arusi, matanga, mpira na siasa. Haoni picha za watu wakichinjwa, na watoto wakitendwa uovu, na watu wakijiua. Je, hizo hazitiwi humo? Hutiwa kila saa. Lakini kuna wafanya kazi waliowekwa wazitazame kwanza na kuziondoa, kama vile mfanya kazi wa manispaa anavyozibua mtaro wa Kondele kabla wewe hujapita na viatu vyako vya Jumapili. Toka mwaka 2019 kazi hiyo kwa nchi nyingi za Afrika ilifanyiwa Nairobi, na vijana wa Kenya, Ethiopia, Somalia, Afrika ya Kusini na kwingineko, chini ya kampani iitwayo Sama. Mwezi wa Februari 2022 gazeti la Marekani la TIME lilitangaza kwamba wengine wao walipokea dola moja na nusu tu kwa saa, yaani kama shilingi 170 za siku zile. Walitia sahihi karatasi za kutosema kazi yao hata kwa jamaa zao. Angalieni basi: siri ya kampani ililindwa kwa mkataba, huku siri za dunia nzima zikimwagwa machoni pa kijana wa shilingi 170.

Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika ya Kusini, asema alipoanza kuwakusanya wenzake wadai haki yao alifukuzwa. Mwezi wa Mei 2022 alipeleka mashtaka katika Mahakama ya Kazi ya Nairobi, akazishtaki Sama na Meta pamoja. Meta ikajibu nini? Ikajibu kwamba haipo Kenya, haikuandikishwa Kenya, haikumwajiri mtu huyo, hivyo korti ya Kenya haina mkono wa kuifikia. Kazi ni yake, mashini ni zake, sheria za kazi ni zake, faida ni yake; mfanya kazi ndiye si wake!

Tarehe 6 Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri alikataa kuiondoa Meta katika kesi. Mwezi wa Machi mwaka ule wafanya kazi wengine wengi walishtaki baada ya kuachishwa kazi, wakasema pia kwamba kampani iliyopewa kazi ile baadaye, Majorel, iliwakataa kwa sababu ya mahali walipotoka. Hiyo ndiyo kazi ya kipande hasa, mzee: tajiri mpya kusoma jina la tajiri wa zamani. Meta ilikata rufani, na tarehe 20 Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani yake. Daktari aliyewapima waliokuwa katika kesi hiyo alikuta zaidi ya watu 140 wana ugonjwa wa akili utokanao na mambo ya kutisha waliyoyaona. 

Ili tusidanganyane, hukumu hizo mbili zilisema tu kwamba mahakama za Kenya zaweza kuisikiliza kesi na kumwita tajiri mkubwa ajibu mwenyewe. Hazikusema nani ameshinda. Lakini aliyekaa katika chama cha wafanya kazi kwa muda ajua kwamba nusu ya vita vyetu ni kumleta tajiri mwenyewe mezani, badala ya kusema na nyapara wake ambaye kila siku jibu lake ni "nitawauliza wakubwa".

Na kuna kesi nyingine iliyofungamana na hii. Mwaka 2021, wakati wa vita vya Ethiopia, watu waliandika katika Facebook habari za Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar. Walitia picha yake na mahali pa kumpata, wakamsingizia makosa. Mwanawe, Abrham Meareg, asema aliiomba Facebook mara nyingi iyaondoe maandishi yale. Tarehe 3 Novemba 2021 mzee yule alipigwa risasi mbele ya nyumba yake akafa. Mwezi wa Desemba 2022 mwana huyo alishtaki katika Mahakama Kuu ya Nairobi, pamoja na Fisseha Tekle na Katiba Institute. Tarehe 3 Aprili 2025 mahakama hiyo nayo ilisema yaweza kuisikiliza kesi.

Meta na wenziwe wana hoja yao, nasi tuiseme kwa haki. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 ilisema mwenye mtandao asihesabiwe kuwa ndiye msemaji wa yale walioandika wengine. Hoja hiyo si ya kijinga. Mwenye ubao wa matangazo pale Kibuye hashtakiwi kwa kila karatasi inayobandikwa na wapita njia. Sawa. Lakini mwenye ubao yule haichukui karatasi ya chuki akakimbia nayo nyumba hadi nyumba, akagonga milango ya wale anaojua watakasirika zaidi, huku akilipwa na wenye maduka kwa kila mlango uliofunguliwa. Hilo ndilo wanalolalamikia walioshtaki: kwamba mashini ile yachagua, yasukuma, na yapenda ugomvi kwa sababu ugomvi huwakalisha watu. Tena ajuaje milango ya kugonga? Ajua kwa sababu amekwisha chukua habari zetu. Ndugu, faragha ya simu yako na maiti ya Bahir Dar zimeunganishwa na uzi mmoja. Na wale ambao wangeiondoa karatasi ile mapema ndio hao hao wa shilingi 170.

MDOGO HUFUNGWA

Linganisheni sasa na mambo yanavyomwendea mtu mdogo. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 iliandikwa kwamba mtu atakayetangaza habari za uongo za kutia watu hofu au kumharibia mwingine jina aweza kutozwa shilingi milioni 5 au kufungwa miaka 10. Watu wamepigana nayo kortini toka mwezi ule ule ilipotiwa sahihi. Mtu na simu yake ya shilingi elfu sita: milioni 5. Kampani ya kukopesha iliyoaibisha watu elfu: isizidi milioni 5. Bei ni moja!

Na wakati mwingine hata korti haingojwi. Mwezi wa Juni 2025 mwalimu kijana, Albert Ojwang, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, hapa hapa kando ya ziwa letu, kwa ajili ya maandishi katika mtandao juu ya mkubwa mmoja wa polisi. Alipelekwa Nairobi, na siku ya pili alikuwa amekufa mikononi mwa polisi. Walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walipoupima mwili waliona mambo ambayo ukuta hauwezi kumtenda mtu, na askari wakashtakiwa kwa mauaji. Mwandishi wa neno moja alipatikana upesi kutoka Nairobi mpaka kijijini. Mwenye mtandao wenyewe, aliyepokea pesa, husemwa hajulikani aliko, hakuandikishwa, yuko ng'ambo.

MSWADA WA KUMFICHA TAJIRI

Mngedhani baada ya hukumu zile Bunge letu lingefurahi kwamba mahakama za Kenya zina nguvu. Badala yake, mwaka 2024 ulipelekwa katika Seneti mswada wa kubadilisha sheria za biashara, ulioletwa na kiongozi wa walio wengi, Seneta Aaron Cheruiyot. Ndani yake mlikuwa na kifungu cha kuikinga kampani inayotoa kazi kwa wakala ili isishtakiwe na wafanya kazi wa wakala huyo. Yaani pazia ambalo majaji walilipasua, wao walilishonea sindano na uzi.

Wasema wafanya hivyo ili kazi zije. Vijana wetu hawana kazi, nani asiyejua? Ukipita Manyatta saa nne za asubuhi utawaona wamekaa, na vyeti vyao vimo ndani ya mifuko ya plastiki visilowe mvua. Wasema tukiwasumbua matajiri hawa watahamia kwingine. Hilo nalo ni kweli, sitalificha: baada ya kesi za Nairobi kazi nyingine ya kusafisha Facebook ilipelekwa Accra, Ghana. Lakini ikawaje huko? Mwaka 2025 zikaanza kusikika habari za wafanya kazi wa Accra wenye magonjwa yale yale na malalamiko yale yale. Tajiri akikimbia na uchafu wake, dawa si sisi kujilaza chini ili arudi kutukanyaga. Dawa ni mfanya kazi wa Nairobi na wa Accra wajuane. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya wafanya kazi 150 wa kazi hii walikutana Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama chao, na mwezi wa Aprili 2025 mji ule ule wajumbe wa nchi kadha wakaunda umoja wa dunia. Mwezi wa Juni 2025 Shirika la Kazi Duniani huko Geneva likaanza kuandika mkataba juu ya wafanya kazi wa namna hii, pamoja na wenye pikipiki na teksi za kuitwa kwa simu. Hata Uingereza, Mahakama yao ya juu kabisa ilisema mwezi wa Februari 2021 kwamba dereva wa Uber ni mfanya kazi mwenye haki za mfanya kazi, wala si mfanya biashara aliyekutana na programu njiani.

Tena kazi itakayokuja kwa sharti kwamba aliyeumizwa asishtaki, kazi hiyo twaijua. Babu zetu waliifanya wakiwa na kikebe shingoni.

Chama chetu chataka mambo haya. Kwanza, Seneta wetu wa Kisumu na Mbunge wetu waje Manyatta waseme mbele ya watu kama wataunga mkono kifungu cha kumkinga mwenye kazi asishtakiwe, kiwe katika mswada ule au mwingine wowote utakaokuja kwa jina jipya. Halmashauri imekwisha kuwaandikia barua. Pili, lile neno "ndogo" katika faini ya Sheria ya Data libadilishwe liwe "kubwa". Tatu, masharti ya mkopo yaandikwe kwa lugha aisemayo mkopaji. Muuza samaki wa Dunga hakopi kwa Kiingereza.

Na ninyi wenyewe msingoje Bunge. Ukipigiwa simu ya matusi kwa ajili ya deni, au jamaa yako akipigiwa, usifute ujumbe kwa hasira. Uache ndani ya simu, uandike tarehe na saa na nambari iliyopiga. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data kwa maandishi au hata kwa mdomo, na sheria inamtaka amalize uchunguzi katika siku 90. Faini huenda kwa Serikali, lakini sheria yampa aliyeumizwa haki ya kudai fidia yake mwenyewe, basi msisahau kuitaja fidia mnapolalamika, wengi huisahau. Kijana aliyepata kazi ya kompyuta asitie sahihi mkataba kabla hatujausoma pamoja naye, na aulize neno moja kabla ya mshahara: kazi hii ni ya nani?

Karani wetu yupo ofisini Jumanne na Ijumaa baada ya saa kumi na moja za jioni. Hadi leo amekwisha andika malalamiko ya wanachama wanne. Njooni na simu zenye chaji, maana umeme wa ofisi mwaujua.